Siku Mama Mvuke Alipofeli Muhogo

Mama Mvuke alikuwa amechemsha muhogo kwa miaka ishirini na miwili. Alikaa pembeni ya duka la vifaa vya ujenzi na jiko moja na sufuria moja pana kama beseni la kuogea, na mvuke wake watu waliuona kabla hawajamwona mwenyewe. Mafundi wa magari, makarani, wauza mitumba, wote walikula kwake. Kwa hiyo siku mume wa binti yake alipomwambia kwamba amefeli mtihani wa kuonja muhogo, alidhani masikio yake yameingia maji.

"Nimefeli nini?"

"Muhogo, Mama."

"Mimi?"

"Karatasi ndiyo inasema, Mama. Siyo mimi." Alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa kichanga akishike.

Mama Mvuke alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akachukua mkoba wake, akatoka nje kusubiri gari la wafanyakazi.

Chanzo cha yote kilikuwa mabomba. Manispaa walichimba barabara nzima mbele ya lile duka ili wapitishe maji, wakasema watamaliza baada ya miezi mitatu. Mahali pa jiko pakawa shimo. Mama Mvuke akafunga kazi, akaenda kwa binti yake kupumzika. Shida ni kwamba kupumzika hakukujua. Wiki ya kwanza alipanga upya vyombo vyote vya jikoni. Wiki ya pili alivipangua. Wiki ya tatu alianza kumfundisha binti yake kushona, na binti huyo alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake tangu miaka minane iliyopita.

"Mume wangu," binti alisema asubuhi moja, sindano tatu mdomoni, "mtafutie mama kazi. La sivyo mimi nahamishia cherehani huko kwenu maabara."

Mume alikuwa fundi sanifu katika kituo cha utafiti wa mazao ya mizizi. Kazini walimwita Dakika, kwa sababu shingoni alivaa saa ya kuhesabia muda, na hata akienda msalani aliwahi kuibonyeza kwa mazoea. Kazi yake ilikuwa kupika mihogo. Si kwa kuuza wala kwa kula, bali ili ijulikane muhogo upi unaiva vizuri na upi hauivi. Jambo hilo mama mkwe wake hakuwahi kulielewa. Alipata kumwuliza binti yake kwa sauti ya chini, "Amesoma miaka yote ile aje achemshe muhogo? Si angekuja tu kuniuliza?"

Ikatokea kwamba kituo kilikuwa kinatafuta waonjaji. Walitaka watu kumi wanaokula muhogo mara kwa mara, wasiovuta sigara, wenye ulimi mzima na subira. Dakika alimpelekea habari mama mkwe kwa woga. Yeye alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa mbele ya mama huyo. Tangu alipooa hakuwahi kumwambia neno zaidi ya "shikamoo", "ndiyo, Mama" na "nimeshiba, Mama", na hilo la mwisho mara nyingi halikusikilizwa.

"Kuonja muhogo?" Mama Mvuke alisema. "Mwanangu, hiyo si kazi. Hiyo ni likizo."

Siku ya kwanza alifika kituoni amevaa gauni la harusini. Walikuwa watu kumi na sita wa kujaribiwa: wafanyakazi wa ofisi, mwalimu mstaafu, wafagizi wawili, dereva mmoja mrefu aliyekuwa mcheshi na mpenda kula. Mtafiti mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Daktari, aliwatembeza jikoni kwanza waone kazi inavyofanyika, kisha akasema kuanzia kesho yake hawataruhusiwa kuingia humo tena.

Jiko lile lilimshangaza Mama Mvuke. Sufuria sita za ukubwa mmoja, zimepangwa juu ya majiko sita ya gesi. Mizani ya kioo. Rula. Kila muhogo ulimenywa, ncha zake mbili zikakatwa na kutupwa, ukabaki ule wa katikati tu, nao ukagawanywa vipande vilivyolingana. Vipande vilitiwa kwenye vifuko vya wavu, vikapimwa uzito, vikazamishwa katika maji yanayochemka, na Dakika akabonyeza saa. Kila baada ya muda alichoma kipande kwa uma. Mwisho alivipima tena uzito, maana, alieleza, muhogo unaokunywa maji mengi ukiwa sufuriani ndio ule utakaovunjika vizuri mdomoni.

"Na chumvi mnatia saa ngapi?" Mama Mvuke aliuliza.

"Hatutii chumvi, Mama."

"Hamtii?" Akageuka kuwatazama wenzake kama anayetafuta shahidi. "Mnampikia mgonjwa?"

"Chumvi inaficha mambo, Mama. Tunataka muhogo useme wenyewe."

Mafunzo yalichukua siku nne. Walijifunza kutumia maneno yaleyale kwa maana zilezile: mgumu, laini, wa unga, wa majimaji, wenye nyuzi, mchungu. Kila neno na alama zake, kuanzia moja hadi tano. Mama Mvuke maneno sita hayakumtosha. Alikuwa na yake. Kuna muhogo "unaojivuta", alisema, unaoutafuna nao unakutafuna. Kuna muhogo "unaoteleza kama sabuni". Kuna ule "unaocheka", ambao ukiuepua tu unapasuka wenyewe na kuonyesha weupe wa ndani. Daktari aliyaandika yote pembeni ya daftari lake. Dereva alisema yeye anajua aina mbili tu, muhogo uliopo na muhogo uliokwisha.

Siku ya tano ukawa mtihani. Kila mtu alikaa kwenye kizimba chake cha mbao, amekingwa asimwone jirani, glasi ya maji mkononi ya kusuuzia mdomo. Zikaja sahani nane, moja baada ya nyingine, kila moja na namba tu. Wasichoambiwa ni kwamba sahani mbili kati ya hizo zilikuwa za mbegu moja, kutoka mstari mmoja shambani. Zilitiwa makusudi. Mwonjaji mwenye ulimi wa kuaminika anapaswa kuzipa alama zinazolingana au kukaribiana.

Mama Mvuke aliipa namba 412 tano kwa unga. Namba 739 aliipa moja, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: UNATELEZA.

Ndivyo alivyofeli. Dakika alipoona majibu alikwenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Naomba umwambie wewe."

"Mama mkwe ni wangu?" Daktari alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Alipompigia mke wake simu amwokoe, mke alicheka mpaka uzi ukakatika mashineni. Kwa hiyo alimwambia mwenyewe, kama tulivyoona, na jioni ile nyumbani alikuta mezani chakula kimeandaliwa vizuri kuliko siku zote.

"Karibu chakula, Bwana Mtahini," Mama Mvuke alisema. "Onja kwanza. Mimi siku hizi sijui."

"Mama, samahani, mimi..."

"Sina kinyongo. Nasema jambo moja tu halafu nanyamaza. Vile vipande viwili si ndugu. Kimoja kilikuwa kinacheka, kingine kinateleza. Hata mngenifunga macho na pua."

"Vilitoka mstari mmoja, Mama."

"Basi mstari wenu una mtoto wa nje."

Binti aliinamia sahani yake, mabega yakitikisika.

Dakika hakuwa na raha. Kesho yake alifungua daftari lake la jikoni, ukurasa wa siku ya mtihani, na alichokikuta akakisoma mara mbili. Sufuria ya pili: uma umeingia bila kusukuma, dakika ya ishirini. Sufuria ya sita: dakika ya thelathini na moja, bado kuna upinzani. Mbegu moja, siku moja, tofauti ya dakika kumi na moja na zaidi. Pembeni yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika: "Jiko la sita moto hafifu, liangaliwe." Alikwenda akaliangalia jiko la sita. Moto wake ulikuwa wa buluu, mkali, hauna kasoro yoyote.

Alirudi nyumbani saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama," alisema akiwa bado mlangoni, "naomba twende shambani."

Mama Mvuke alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Aliweka ungo chini. "Nivae viatu gani?"

Shamba la majaribio lilikuwa nyuma ya kituo, mistari iliyonyooka kama ya daftari, kila mmoja na kibao chake. Katika mstari ule walikuwa wamevuna mimea mitano na kuacha mitano. Miti ya ile mitano iliyovunwa ilikuwa imelazwa pembeni, bado mibichi. Dakika aliipitia mara moja, asione kitu. Mama Mvuke hata hakuinama. Alitumia ncha ya kiatu kuisogeza, mitatu huku, miwili huku.

"Hii ngozi yake ya kijivu. Hii ya udongo. Mwanangu, wewe ungenunua kitenge hapa ungeuziwa shuka."

Msimamizi wa shamba aliitwa. Alikuwa mtu mnene, mkunjufu, mwenye kofia iliyopauka. Aliitazama miti ile, akavua kofia, akajikuna.

"Aah. Hapo. Hapo mwaka jana mimea miwili ilikauka, nikaziba mapengo."

"Ukaziba kwa mbegu gani?" Dakika aliuliza.

"Pingili zilizokuwepo. Shamba lenye mapengo linanitia aibu, wageni wanakuja hapa wanapiga picha."

"Hukuandika?"

"Zilishika vizuri sana," msimamizi alisema, kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

Dakika aligeuka kumtazama mama mkwe wake. Alisema, "Mama, hukufeli. Mimi ndiye niliyefeli. Daftari liliniambia, nikasingizia jiko."

Mama Mvuke alikuwa amejiandaa tangu jana kushinda ugomvi huu, na sasa ushindi ulipokuja hakujua auweke wapi. "Basi, basi," alisema, akimpangusa vumbi begani ambalo halikuwepo. "Jiko nalo lina lawama zake, sijalipenda toka mwanzo."

Mtihani ulirudiwa kwa wote kumi na sita. Ilibidi, kwa sababu iligundulika pia kwamba wale waliosifiwa mara ya kwanza kwa kuzipa sahani mbili zile alama sawa walikuwa hawakugundua kitu kabisa. Dereva, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza, alipoulizwa alikiri kwamba alizipa sahani zote alama ya nne. "Nilikuwa na njaa," alisema. Alitolewa kwenye jopo na hakuona vibaya, mradi aliruhusiwa kupita jikoni baada ya kazi. Mama Mvuke alichaguliwa wa kwanza kati ya kumi.

Hapo kichwa kikavimba. Alianza kufika kituoni kwa madaha, akiwasahihisha wenzake njiani, akieleza kwa nini muhogo uliokaa ardhini mpaka mvua zikaurudia unajaa maji, na kwa nini muhogo uliovunwa juzi si wa kuuza leo. Mengi ya hayo yalikuwa kweli. Lakini alikuwa na lingine alilolirudia kila siku, hasa kila Daktari alipotaja mbegu mpya za muhogo wa njano.

"Huo si muhogo. Huo ni boga lililopotea njia. Miaka ishirini na miwili sijauweka kwenye sufuria yangu na sitauweka. Hauna unga, una harufu, na mteja akiuona anadhani umeugua. Mniletee popote, nitaujua kabla haujafika mdomoni."

Daktari alitabasamu tu na kusafisha miwani yake.

Tathmini yenyewe ilianza Jumatatu. Mbegu sita mpya, siku tatu mfululizo, asubuhi na saa nane mchana. Waonjaji walipoingia walikuta madirisha yamefunikwa na taa za kawaida zimezimwa. Katika kila kizimba iliwaka taa nyekundu. Kila kitu kilikuwa chekundu: sahani, mikono, glasi ya maji.

"Mtu akiona rangi ameshaamua," Daktari alieleza. "Tunataka ulimi uamue."

Mama Mvuke alifanya kazi kwa makini. Alitafuna polepole, alifumba macho, alisuuza mdomo, aliandika. Tangu Jumatatu asubuhi kulikuwa na namba moja iliyomfanya akae wima. Namba 586. Ilivunjika kwa kuguswa na ulimi, ikawa unga, unga ukawa utamu mdogo wa mwisho, bila nyuzi, bila uchungu. Aliipa tano. Mchana ilirudi na namba nyingine asiyoijua kuwa ni ileile, akaipa tano tena. Jumanne tano. Jumatano, kwenye nafasi ya maoni, aliandika: "Huu ningeuza. Huu watu watapanga foleni. Nani analima huu?"

Jumatano jioni, kazi ilipokwisha, Daktari aliwakusanya wote kumi, akawashukuru, akasoma matokeo. Iliyoongoza kwa mbali ilikuwa mbegu ya tatu. Waonjaji tisa kati ya kumi waliipa alama za juu kabisa, na mmoja alikuwa ameacha hata kauli ya kutaka kuiuza. Daktari hakumtaja, lakini Mama Mvuke alinyoosha mkono mwenyewe.

"Ni mimi. Na narudia. Naomba kuuona."

Dakika, aliyekuwa amesimama karibu na swichi, alitazama sakafu. Alijua tangu Jumatatu. Kwa siku tatu alikuwa amekula chakula cha jioni cha mama huyu bila kuuhisi utamu wake, kwa hofu. Aliwasha taa.

Sahani ya mwisho ya mbegu ile ilikuwa mbele ya Mama Mvuke, imebaki kipande kimoja. Kilikuwa cha njano. Si njano iliyofifia, bali njano kamili ya kiini cha yai.

Mfagizi mmoja alijifanya anakohoa. Mama Mvuke alikitazama kile kipande, akakigeuza kwa uma, akakigeuza tena, kama anayetafuta mahali kilipopakwa rangi.

"Mmeniweka kwenye giza," alisema taratibu.

"Tuliwaweka wote, Mama," Daktari alisema.

"Na wewe ulijua?" Hili lilimwendea Dakika.

"Ndiyo, Mama."

"Ukala wali wangu, ukanyamaza."

"Ndiyo, Mama."

Alisimama, akatoka. Mlango uligonga. Watu wakatazamana. Dakika alimfuata nje mbiombio, akaangalia kushoto kwenye maegesho, hakuona mtu. Kulia hakuna mtu. Alimkuta mahali ambapo hakuruhusiwa kuingia: jikoni, amesimama mbele ya kapu la mihogo ya majaribio, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni, kisu mkononi.

"Ule wa njano ni upi?" aliuliza.

"Mama?"

"Ninyi mmepika kwenu kwa namna yenu. Sasa naupika mimi kwa namna yangu, kwenye mwanga wa jua, kwa chumvi, na kifuniko juu. Ukiwa mzuri hapo, nitanyamaza. Sufuria kubwa iko wapi? Hivi vijikombe vyenu siviwezi."

Walipata sufuria ya kantini. Alimenya haraka, maganda yakidondoka kwa mikunjo mirefu, akakata kwa jicho bila rula, akapanga vipande, maji yakafika juu yake kidogo tu, chumvi, kifuniko. Akavuta kiti. Daktari na waonjaji wengine walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni. Dereva alitokea, hakuna aliyejua kaitwa na nani.

Dakika alibonyeza saa yake.

"Sihitaji hiyo," Mama Mvuke alisema. "Mimi naachia mpaka mvuke ubadilike harufu. Wangu huchukua robo tatu ya saa."

"Huu ni tofauti, Mama."

"Muhogo ni muhogo."

Maji yalichemka. Kifuniko kikaanza kucheza. Dakika kumi na mbili. Kumi na tano. Mama Mvuke alikuwa anawasimulia waonjaji habari za mwashi mmoja aliyekula vipande tisa kwa kusimama. Dakika ya kumi na saba mume wa binti yake alisogea karibu na jiko. Katika daftari lake mbegu hii iliiva dakika ya kumi na nane, mara sita kati ya sita. Ikizidi hapo inaanza kumomonyoka, na ikifika robo tatu ya saa kinachobaki ni uji.

"Mama," alisema, "epua."

"Bado."

"Mama, epua sasa hivi."

Hata yeye aliishtukia sauti yake. Haikuwa kali, ila ilikuwa imenyooka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwagiza mama mkwe wake chochote. Mama Mvuke alimgeukia polepole. Akamtazama usoni, kwa muda, kama anavyotazama muhogo anaofikiria kuununua.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama. Nimeupika mara sita. Wewe unaujua kuliko mimi ukiwa mdomoni. Ukiwa kwenye maji naujua mimi."

Aliinuka, akashika sufuria kwa pindo za kanga, akaiepua. Maji yalimwagwa. Mvuke ulipotawanyika vipande vilionekana vimepasuka vyenyewe katikati, njano inang'aa, unga umesimama pembeni ya mipasuko.

"Unacheka," mwalimu mstaafu alisema.

Mama Mvuke alichukua kipande, akakipuliza, akakila kwenye mwanga wa dirisha akikitazama kwa macho yote mawili. Alikula chote. Akachukua cha pili. Hapo Dereva akaona ni ruhusa, na kabla hujahesabu kumi sufuria ilikuwa imeguswa na mikono kumi na miwili.

"Nimesema uongo miaka ishirini na miwili," Mama Mvuke alisema akiwa na mdomo umejaa, akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichomlazimu akae chini. "Watu wamekuja kuniuliza muhogo wa njano nikawafukuza! Yupo mmoja nilimwambia akanunue boga!" Akamwonyesha Dakika kwa uma. "Na wewe. Kumbe unaweza kuongea."

"Kidogo, Mama."

"Ungeanza zamani. Nimekulisha wali wa ziada miaka sita kwa kudhani unaona haya kuomba."

Baada ya miezi miwili kituo kiliwaalika wakulima kuja kuchagua mbegu. Walikuja wengi, wanawake kwa wanaume, wakasimama chini ya turubai. Daktari alionyesha michoro yake: uzito kabla na baada, dakika za kuiva, alama za waonjaji. Wakulima walisikiliza kwa adabu ya watu wanaosubiri kitu kingine. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, aliinua mkono.

"Hayo tumeyaona. Lakini nani ataununua? Huu wa njano sokoni wanaukimbia."

Daktari alimpisha Mama Mvuke. Hakuwa ameandaa hotuba. Alisema anauza muhogo, akataja pembeni ya duka gani, na wapo waliomfahamu wakapiga vigelegele. Alisema shimo la barabarani limefukiwa na amerudi kazini wiki iliyopita. Alisema ana sufuria mbili sasa, moja ya muhogo mweupe na moja ya wa njano anaopewa kidogo na kituo, na ile ya njano wateja waliizunguka siku ya kwanza kama kuna nyoka ndani, mpaka fundi mmoja wa magari alipochukua kipande kwa ubishi.

"Sasa hivi, ikifika saa nne asubuhi, ya njano imekwisha na ya mweupe bado ipo. Nahitaji magunia kila wiki na sina mtu wa kuniletea. Kwa hiyo atakayelima anitafute mimi, asiulize nani ataununua." Akanyamaza, akakumbuka jambo. "Ila usiuweke jikoni halafu ukaenda kusuka nywele. Dakika kumi na nane. Mkwe wangu yule pale ndiye aliyepima. Mkisahau, mwulizeni yeye, anaongea siku hizi."

Watu walicheka, wakamgeukia Dakika, naye akapungia mkono kwa haya. Kisha wakaenda shambani na mapanga na kamba. Pingili za mbegu ya tatu zilikwisha kabla ya saa sita mchana, na msimamizi wa shamba, aliyekuwa sasa na daftari lake mwenyewe, aliandika kila fungu lililotoka, nani kachukua na ngapi, akiuliza kila mtu jina mara mbili. Yule mwanamke wa mstari wa mbele alifunga mafungu mawili nyuma ya baiskeli, akamwita Mama Mvuke, na wakasimama pale kwenye jua kali wakipatana siku ya kuleta gunia la kwanza.